Kumi na Wawili Nyuma ya Ubao

Jumamosi ile Baba alikuwa akipaka nta sakafu ya ukumbi. Alikuwa amejifunga matambara miguuni, akisogea polepole kutoka dirishani hadi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua maharage. Sikuruhusiwa kuingia sakafu ikiwa mbichi. Hakuna aliyeruhusiwa, hata Mama.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kijiji chetu, Lushasha, kilikuwa juu ya mlima, upande wa Kongo unaotazama ziwa. Kulikuwa na nyumba za miti na udongo kama arobaini, kanisa la bati, na shamba la miti ya kwinini, dawa ya malaria, lililokuwa limegeuka msitu. Katikati ya msitu huo lilisimama jumba la mawe la ghorofa mbili, lenye madirisha marefu na mabomba manane ya moshi. Mgeni aliyelifikia kwa mara ya kwanza alikuwa anasimama tu, mdomo wazi.

Alilijenga Mwingereza mmoja ambaye wazee walimwita Bwana Kwinini. Alikuwa mtoto wa mwisho wa ukoo wenye jumba huko kwao, katika kitongoji kinachoitwa Withermere. Kwa kuwa jumba la kwao lilirithiwa na kaka yake, alikuja kwetu akajenga lingine linalofanana nalo, chumba kwa chumba, kwa mawe ya mlima wetu na mbao za mvule. Babu yangu alikuwa mmoja wa waashi. Bwana Kwinini alipoondoka, mzee na mgonjwa, alimwachia Baba funguo na kumwomba alitunze mpaka mtu wa ukoo aje. Hakuna aliyekuja. Barua zilikuja miaka michache, kisha zikakoma. Baba aliendelea kupaka nta.

Ukutani mwa ukumbi palikuwa na picha ya jumba la kule Uingereza. Chini yake liliandikwa jina la kitongoji, na Baba alilitamka Widamia. Watoto wa kijiji walidhani ni picha ya jumba letu iliyopigwa wakati wa baridi kali. Baba alikuwa akiwasahihisha kwa subira. "Hili ni la kwao. Nyumba tisa na kanisa dogo, basi. Kijiji kidogo kuliko chetu." Hawakumwamini. Nadhani hata yeye hakuamini sawasawa.

Nilikuwa sijamaliza maharage tuliposikia mlio kutoka bondeni. Baba aliinua kichwa. Ulikuja tena, mara tatu, mzito, kama mtu anayepiga magogo.

"Ni ng'ambo ya mto," akasema, akainama kumalizia kona iliyobaki.

Siku ya pili askari wa serikali waliokuwa barabarani waliondoka bila kuaga. Siku ya tatu watu wa kijiji cha chini walipita na magodoro vichwani. Walituambia kwamba wapiganaji waliotoka msituni wanachukua vijana na wasichana, na kwamba risasi zinapita kwenye nyumba za udongo kama zinavyopita kwenye majani ya mgomba. Wengi wa Lushasha waliondoka nao. Waliobaki ni wale wasioweza kutembea mbali: wagonjwa, wazee, kina mama wenye watoto wachanga, na ndugu zao waliokataa kuwaacha.

Mchana wa siku ya nne Baba alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Nilifuatana naye. Kwa kila mlango alisema maneno yaleyale.

"Njooni kwenye mawe."

Walikuja na vyungu, mikeka na kuku wawili. Walipofika ukumbini walisimama. Sakafu ilikuwa inang'aa. Mama mmoja, Mama Zawadi, aliyekuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni, alianza kuvua viatu vilivyojaa tope. Baba alimshika mkono.

"Ingia navyo," akamwambia.

Mimi na Mama peke yetu ndio tuliojua neno lile lilimgharimu nini.

Tulikaa humo siku tisa. Mvua haikukatika, na kuni za nje zilikuwa zimeloa. Siku ya tatu uji ulishindikana. Baba aliingia chumba cha kulia, akatazama ile meza ndefu aliyoipaka mafuta kila Ijumaa tangu nizaliwe, akaenda kuchukua shoka. Aliipiga pigo la kwanza akiwa ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, kama mtu mwenye kizunguzungu. Baada ya hapo alipiga vizuri. Meza ilitupikia siku nne. Kisha tukahamia viti.

Jioni, kabla giza halijaingia, aliwakusanya watoto chini ya ngazi na kuwasimulia habari za Widamia. Aliwaambia habari za kondoo weupe, za mto mwembamba unaorukwa kwa hatua moja, na za padri. Zamani, alisema, ilikuwa marufuku kwa mapadri kusali katika nchi ile. Mmoja alifichwa na wenye jumba nyuma ya ngazi, ndani ya ukuta. Bwana Kwinini hakutaka kitu chochote kipungue katika jumba lake, kwa hiyo akajenga hata maficho ya padri ambaye huku kwetu hakuna aliyemwinda.

"Yako wapi?" watoto wakauliza.

Baba alicheka tu. Siku iliyofuata aliniita mimi na Mama, akatuonyesha.

Siku ya tisa, mchana, mvua ilisimama. Tulishtuka kwa ukimya wake.

Mama alikuwa dirishani. Aliwaona wakitoka kwenye miti ya kwinini, kwa mstari, bila haraka. Hakupiga kelele. Alikuja kwangu akasema, "Watoto. Sasa."

Ubao wa nne wa ukuta kutoka ngazi ulifunguka.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya vumbi. Niliingia kwanza, mpaka mwisho. Mama alianza kunipitishia watoto, wakubwa kwanza, akiwapanga kama anavyopanga vyungu. Alijua yupi amkalie yupi mabegani. Hakuna aliyelia. Wa mwisho alikuwa Zawadi. Mama yake alimbusu unyayo, sijui kwa nini unyayo, akampitisha juu ya vichwa mpaka mikononi mwangu.

Kumi na mmoja, na mimi.

Nilisogea. Niliwabana watoto ukutani ili nipate nafasi. Ilikuwepo nafasi, nyembamba, upana wa mwili mmoja uliogeuka ubavu.

"Mama, ingia."

Alinitazama.

"Vuta ubao, Furaha."

"Nafasi ipo."

"Vuta."

Nikavuta.

Zawadi alianza kutweta. Nilimpa mkono wangu aume. Aliuma kwa nguvu ya mtoto anayeota meno, nami nilishukuru, kwa sababu yale maumivu yalinipa kitu kimoja cha kufikiria.

Nikasikia mlango mkubwa ukifunguliwa. Haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo.

Kisha sauti ya Baba: "Karibuni. Futeni miguu."

Nilidhani amerukwa na akili.

Mtu akacheka. Mwingine, mwenye sauti ya mkubwa wao, akauliza jumba ni la nani. Baba akamjibu kwa ile sauti aliyoitumia zamani kwa mapadri na maofisa waliokuja kutembea Jumapili. Akaanza kuwatembeza. Hiki ni chumba cha kulia, samahani, meza haipo. Hapa ni chumba cha vitabu. Haya mawe yalichongwa na baba yangu, tazama hapa, alama ya patasi yake. Huku ndiko walikokaa wanawake. Aliwapeleka juu, akawarudisha chini. Alieleza mabomba ya moshi, moja baada ya jingine. Mkubwa wao alikuwa anauliza maswali. Nakumbuka aliuliza kioo kililetwaje mlimani bila kuvunjika, na Baba akamweleza kwa kirefu: kwenye majani makavu, migongoni mwa watu, siku sita.

Walifika kwenye ngazi. Miguu ilisimama mbele yetu. Mwanga uliokuwa ukipenya kwenye ufa ukazibwa. Mgongo wa Baba ulikuwa umegusa ubao. Nilinusa nta.

"Na hapa?"

"Hapa ni mbao tu," Baba akasema. "Mvule wa mlima huu. Hauliwi na mchwa."

Mtu aligonga mbao. Karibu na uso wangu.

Wakaendelea.

Sijui ni nani aliyeviona vijiko. Vilikuwa jikoni, vile vidogo vya watoto. Nilisikia kelele, kisha swali, mara mbili: watoto wako wapi? Na sauti ya Mama, si kubwa, si ya kuomba. "Walivuka mto jana na bibi yao."

Waliwatoa watu wazima wote nje.

Sitaandika nilichosikia baada ya hapo. Watoto kumi na mmoja walikisikia pia, na wana haki ya kukisema wenyewe au kukinyamazia.

Tulikaa mpaka asubuhi. Ufa ulipopata mwanga tena nilisukuma ubao kwa bega. Haukutoka. Nilisukuma mara ya tatu, kijiti kikadondoka sakafuni, ukafunguka. Niliwaambia watoto wafumbe macho na kushikana nguo, nikawatoa kwa mlango wa nyuma. Mimi sikufumba. Baba na Mama walikuwa kwenye nyasi za mbele, pamoja na wengine saba. Mama Zawadi alikuwa mmoja wao. Waliobaki walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, na wawili tu kati yao walirudi, miezi mingi baadaye.

Sikumzika mtu. Niliogopa muda. Nilimfunika Mama kwa kitenge changu, na Baba kwa pazia la ukumbini, kisha tukatembea kushuka ziwani. Zilikuwa siku tano. Siku ya nne, mtoto mmoja, Asifiwe, wa miaka minne, alikufa kwa homa mgongoni mwangu. Sikujua mpaka tulipopumzika. Tulitoka kumi na wawili, tukafika kumi na mmoja.

Baadaye ilikuwa kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, miaka saba, na hapo ndipo Kiswahili changu kilipopata umbo hili ninaloandikia. Kisha Toronto. Nimeishi Kingsview Village tangu binti yangu Neema akiwa wa kubebwa, ghorofa ya kumi na moja, mahali ambapo ndege zinashuka uwanjani karibu kiasi cha kusoma maandishi tumboni mwazo. Nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Kazini hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu Lushasha, na sijaona kosa lao.

Neema ndiye aliyeniuliza. Anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na mimi humjibu kwa Kiswahili, tunaishi hivyo. Mwaka jana alikuwa na kazi ya chuo kuhusu historia ya familia. Nilimwambia machache: jumba, Babu, picha ukutani. Alitaka jina. Nikamwambia Widamia. Aliandika kwenye simu hivi na vile, mpaka siku moja ya Jumapili, tukiwa bado na nguo za kanisani, akanigeuzia kioo cha simu.

"Mama, ndilo hili?"

Nilikaa chini kwenye kapeti la sebuleni. Mabomba manane. Madirisha yale. Kilichonitoka kinywani kilikuwa cha kijinga. Nilisema, "Lina paa zima."

Tulikwenda Uingereza mwezi wa tano. Neema aliendesha gari la kukodi kutoka stesheni, kwenye vijia vyembamba vyenye ua wa miti pande zote mbili, hata nikahisi tunapita ndani ya mfereji wa majani. Kisha ua ukaisha na kitongoji kikawa mbele yetu. Nilihesabu nyumba bila kujizuia. Zilikuwa tisa. Kanisa lilikuwa dogo kama Baba alivyosema, kondoo walikuwa weupe, na mto niliweza kuuruka. Hakukuwa na duka wala mtu barabarani. Baba hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Kongo, lakini hakuwa amekosea hata kondoo.

Jumba lilikuwa mwisho wa kijia. Nilisimama, mdomo wazi, kama wageni wetu wa zamani.

Sasa linatembelewa na watu kwa siku maalumu. Mama mmoja mwenye mvi, anayejitolea kuwatembeza wageni, alitupokea mlangoni. Tulikuwa watatu tu, pamoja naye. Alianza kueleza, na mimi, bila kukusudia, nikawa natangulia. Nilijua mlango ulipo kabla hajausema. Nilikunja kushoto kuelekea chumba cha vitabu. Mkono wangu ulishika ukingo wa ngazi mahali ambapo palikuwa na kifundo, na kifundo kilikuwepo. Mawe yalikuwa ya rangi nyingine, mbao zilikuwa nyeusi zaidi, baridi ilikuwa ya kwao. Lakini miguu yangu haikuuliza njia.

"Umewahi kuja hapa?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Tulifika kwenye ngazi. Ubao wa nne ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kamba nyekundu. Alisimulia habari za padri kwa sauti ya chini, na niliona kwamba ingawa amezisimulia mara nyingi, bado zinamgusa. "Fikirini," alisema, "mtu mzima, humo ndani, siku mbili nzima."

Neema alinitazama. Nilikuwa sijamweleza sehemu hii.

"Sisi tulikuwa kumi na wawili," nikasema.

Yule mama alidhani hakusikia vizuri. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha kazini, kwa sentensi chache. Alivua miwani. Aliifungua ile kamba kwenye ndoano yake, akasogea pembeni.

Niliingia, Neema akanifuata. Tulikuwa wawili tu, na mabega yetu yaligusa kuta. Nilianza kuwapanga watoto kichwani: huyu hapa, huyu juu yake, Zawadi kifuani. Nilinyoosha mkono mpaka kwenye ukingo. Upana wa mwili mmoja uliogeuka ubavu. Ulikuwepo. Haikuwa kumbukumbu ya uongo.

"Bibi alikuwa wapi?" Neema akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili.

Nikamwonyesha mahali alipokuwa amesimama yule mama mwenye mvi.

"Nafasi ilikuwepo," nikamwambia. "Nilimwambia aingie. Akakataa, na mimi nikavuta."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuisema sentensi hiyo kwa mtu.

Neema alinishika. Ndipo akamuuliza yule mama, kwa Kiingereza, swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: ubao huu unafungwaje? Yule mama akatuonyesha. Ubao hauwezi kukaa sawa na ukuta ukivutwa kutoka ndani peke yake. Unabaki umejitokeza upana wa kidole, na mtu yeyote anayepita ataona. Ni lazima mwingine, aliye nje, aukandamize na kuchomeka kijiti kwenye tundu chini ya ukingo. Siku ya padri, alisema, aliyechomeka alikuwa mwenye nyumba mwanamke.

"Lazima mmoja abaki nje," akasema. "Kila mara."

Baba alikuwa mlangoni na funguo. Mimi nilikuwa ndani. Alibaki Mama, ambaye siku chache kabla alionyeshwa na Baba jinsi ubao unavyofungwa, wakati mimi nimesimama kando yao nikitazama giza la ndani badala ya mikono yao. Alijua tangu alipotoka dirishani. Alinipitishia watoto kumi na mmoja mmoja baada ya mwingine akijua. Nilipomwambia nafasi ipo, hakunieleza. Nadhani alijua kwamba kama ningejua, ningetoka mimi.

Nilikaa kwenye ngazi ya pili ya jumba la watu nisiowajua, nikalia kwa sauti. Yule mama alikwenda kuwaambia wageni waliofika nyuma yetu wasubiri nje.

Tuliporudi Toronto nilimpigia Zawadi. Yuko Bukavu, ni muuguzi, ana watoto watatu. Nilimweleza kuhusu kijiti. Nikasikia pikipiki zikipita mtaani kwake. Kisha akaniuliza kama mama yake naye alijua.

"Sijui," nikamwambia. "Alikubusu unyayo, kisha akakuachilia. Hilo ndilo ninalolijua."

"Basi linanitosha," akasema, lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyetoshwa.

Kati ya tuliokuwa nyuma ya ubao, tisa tuko hai leo. Asifiwe alibaki njiani, na wengine wawili walikufa baadaye kwa vita vingine katika milima ileile. Wenzangu wana watoto, na baadhi ya watoto hao ni wakubwa kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Jumba la Lushasha liliungua, niliambiwa. Zimebaki kuta tu. Watu tisa waliolala kwenye nyasi walizikwa na wapita njia, pamoja, na hakuna anayejua tena ni mahali gani hasa.

Neema aliniuliza kama kujua kumenipunguzia mzigo. Nilimjibu ukweli: umebadilika, haujapungua. Zamani nilikuwa nikimlilia Mama kama mtu niliyemfungia nje. Sasa namlilia kama mtu aliyetufungia ndani. Bado simpati.